Maji Baridi Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Songambele, Kyerwa. Miaka sitini tangu tuvuke mto Kagera kutoka Rwanda, mimi nikiwa mtoto wa miaka tisa nimeshika nguo ya mama.

Nimeungua shingo nikioga. Maji ya moto, yanayoshuka kutoka kwenye pipa jeusi la juu ya paa, yalimwagika kama kawaida. Ya baridi, yanayotoka kwenye tangi la uani, yalidondoka kama machozi ya mnafiki. Balaa! Jumamosi anakuja dada yangu Speciose, yeye aliyekwisha kurudi Rwanda. Mwaka jana tuliwekeana sharti mbele ya watoto: akikuta nimekosa maji bafuni, mimi na mke wangu Placidia tutafunga mizigo tukaishi kwake. Nilikubali haraka. Wakati ule maji yalikuwa yanatoka. Placidia naye alikubali haraka, jambo ambalo sikulipenda.

Jumanne, 5 Novemba.

Mkosaji nimempata. Yustus, jirani wa upande wa juu, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, huoga asubuhi na jioni, tena anaimba. Anamaliza maji! Placidia alinikumbusha kwamba tangi letu limejaa hadi mfuniko, kwa hiyo jirani hahusiki. Nilipanda kimyakimya nikafunga koki yake. Bafuni kwangu: matone yaleyale.

Punde Yustus alisimama mlangoni na taulo, povu masikioni. Alinipa shikamoo kwanza, ana adabu. Kisha akaomba mzee amsaidie kusuuza upande wa kushoto, maana wa kulia aliuwahi. Nikampa ndoo. Nikamwambia maji ya kijiji siku hizi si ya kuaminika. Akasema ni kweli mzee, siku hizi yana mikono.

Jumatano, 6 Novemba.

Nimesoma upya kitabu cha fizikia nilichopewa na mapadri. Nguvu ya maji hutokana na kimo. Kimo! Tangi langu limekaa chini mno. Majirani wamelimwaga, wakalipandisha juu ya magogo ya mkaratusi hadi usawa wa paa, kwa malipo ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Yustus alishika upande mzito akauliza kama napeleka maji mbinguni.

Jioni tangi limejaa tena. Nimefungua. Matone. Yanatoka mbali zaidi, lakini matone.

Placidia amemwambia Speciose kwa simu kwamba ameanza kukunja mashuka.

Alhamisi, 7 Novemba.

Nimefungua kichwa cha bomba la mvua, nikakisugua kwa mswaki. Safi. Nimefungua koki ya ukutani. Safi. Mswaki ulikuwa wa Placidia. Amegundua.

Alipotulia aliuliza kama zile nyasi nilizosokomeza kwenye tundu la tangi mwezi Septemba bado zimo. Nyasi! Maji yalikuwa na tope, nami niliona yanastahili kuchujwa kama tunavyochuja rubisi: kishungi cha nyasi, kimebanwa vizuri. Placidia alisema rubisi ina muda wa kusubiri, hakuna mtu aliyesimama chini yake uchi.

Nikapanda. Nikaingiza mkono hadi kwapani. Nikavuta kitu kilichovimba, kijani, chenye utelezi. Maji yakaja! Mengi, baridi, yenye kelele! Nikaimba bafuni. Yustus akaitikia sauti ya pili kutoka kwake.

Ijumaa, 8 Novemba.

Kiungo cha bomba ukutani, nilichokifunga kwa mpira wa baiskeli zamani tangi likiwa chini, kimeshindwa na kimo kipya. Tangi zima limeingia sebuleni. Placidia alikuwa ameketi humo. Maji ya kijiji hayatafunguliwa hadi Jumatatu.

Jumamosi, 9 Novemba.

Speciose amefika, matope hadi magotini. Akafungua ya baridi. Ukatoka upepo.

Yustus alileta ndoo mbili. Dada akaogea nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kwa kata, kama mama alivyotuogesha. Nilimsikia akicheka peke yake. Kisha akavaa, akakaa, akadai sharti lake. Nikamwambia sharti lilisema nikikosa maji. Sikukosa. Yalizidi, kochi ni shahidi. Akasema tangu utoto mimi ni wakili wa wezi.

Baadaye, kwa upole, akasema chumba alichonitengea kinatazama ule mlima tuliouacha. Nikainuka kuanika kochi.

Jumapili, 10 Novemba.

Speciose ameondoka baada ya ibada. Placidia amemsindikiza hadi barabarani na kurudi polepole mno.

Nimechunguza. Kimo hakina kosa. Kiungo ndicho dhaifu. Tangi litapanda mita moja zaidi. Mpira wa baiskeli hautoshi, nimeagiza wa pikipiki. Yustus amenisihi, mzee wangu, mwite fundi. Wivu!

Mlima ule naukumbuka, na umande wake, na njia ya kushukia mtoni. Lakini mtu haachi bafu nusu. Nimemwandikia dada usiku huuhuu, kwa ufupi.

Sitarudi.