Amri ya Kuzuia Kompyuta Kulala Kazini

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba uzembe wa mashine umekomeshwa rasmi. Mamlaka ya Vibali vya Karakana, yenye makao yake juu ya kilima cha Old Kampala, ndiyo ofisi ya kwanza kuutambua uzembe huo na kuutungia amri. Sifa zote zimwendee mkurugenzi wake, Kanali mstaafu Otema, aliyekesha lindoni ujana wake wote na asiyevumilia kiumbe chochote kinachosinzia zamuni.

Kanali aligundua mwenyewe. Alisimama nyuma ya Moreen Aluoch, fundi wa kompyuta kutoka Kisumu, akaikodolea macho ripoti kwenye skrini. Kiini cha mfumo, ile programu kuu inayogawia mashine kazi, kilikuwa kimelala karibu asubuhi nzima. Damu ilimchemka. Wiki hiyo hiyo Waziri alikuwa anakuja kuamua kama Kanali aongezewe muhula, na muhula huo aliutaka kuliko chakula.

"Hii kitu iko nalala?" aliuliza.

"Afande, hailali ovyo," Moreen alijibu. "Ikikosa kazi inatega kengele ya kazi inayofuata, halafu inapumzika. Kengele ikilia, ama mtu akibonyeza kitu, inaamka hapo hapo."

"Hata askari yangu alisema hivyo. 'Afande, adui akikuja nitaamka.' Mimi nafunga yeye."

"Lakini hivyo ndio tunaokoa betri za akiba. Stima ikipotea..."

"Stima ni kazi ya watu wa stima. Wewe amsha."

Ikaundwa Kamati ya Ukeshaji wa Mitambo. Ilikaa, ikanywa chai, ikala sambusa, ikapitisha Mkakati Jumuishi wa Lindo la Kidijitali. Kwa mujibu wa mkakati huo, mara mia kila sekunde kiini kingeulizwa, kama inavyofanyika katika kambi yoyote yenye heshima zake, "Nani hapo?" nacho kingejibu, "Zamu salama." Kikikosa kazi, kikae macho kikisubiri kuulizwa tena. Moreen aliandika upuuzi huo huku akisonya. Mkataba wake wa kazi ulikuwa mikononi mwa Kanali, angefanya nini?

Mafanikio yalionekana mara moja. Mashine ilipata joto, feni ikanguruma, na Kanali akawa analeta wageni waje waiguse. "Sikia vile iko nafanya kazi," aliwaambia, ingawa tangu asubuhi ilikuwa imetoa kibali kimoja tu, cha mchomelea milango wa Katwe.

Waziri akafika. Umeme nao, kwa utovu wake wa nidhamu wa kila siku, ukakatika. Zamani betri zingeibeba mashine hadi jioni. Safari hii zilikata roho hotuba ya kumkaribisha mgeni ikiwa bado inataja vyeo vyake, na mafundi wa karakana waliojaa barazani wakingoja vibali wakaambiwa warudi kesho.

"Nini kimemaliza betri?" Waziri aliuliza.

"Uangalifu, Mheshimiwa," Kanali alisema, kifua mbele.

Waziri hakumwelewa, lakini neno lilimpendeza, na isitoshe hakutaka kugombana na wanajeshi. "Nenda nyumbani upumzike, Kanali. Nikiamua nitakupigia. Nisipokupata, nitampa mwingine, maana Ijumaa nasafiri."

Kanali akaenda nyumbani kwake Kawempe, akaiweka simu mezani, akaanza zamu. Hakuiamini hata chembe. Alibonyeza, ikawaka, akaikagua, ikazima, akabonyeza tena.

"Pigia mimi, tuone kama iko macho," alimwambia mkewe, Acayo.

"Si nimekupigia sasa hivi? Wacha hiyo simu ipumzike, baba. Itaita yenyewe."

"Yote nasema hivyo. Pigia."

Alipiga. Kanali akaridhika kwa muda wa kumeza mate, kisha akabonyeza.

Ijumaa asubuhi Waziri aliamua kumwongezea Kanali muhula, akachukua simu ampe habari njema. Alipiga, akapiga tena, akaangalia saa ya ndege, akampigia mtu mwingine. Kawempe umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na betri ya simu Kanali alishaimaliza kwa kuiamsha. Alikuwa ameketi wima mezani, macho mekundu, hajasinzia hata kidogo, akilinda kioo cheusi.