Pingamizi la Fundi Cherehani Dhidi ya Sindano Isiyo na Uzi

Kwa Mheshimiwa Daktari wa Mifugo,
Kituo cha Chanjo, nyuma ya soko.

Yah: KUKATAA KUCHANJWA KWA MBWA WANGU, MKASI

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu zangu nyingi. Kama u mzima wewe na wanyama wako wote, nashukuru, na nashukuru mapema kwa sababu mbele huko nitagomba. Mimi ni yule fundi cherehani mwenye duka la mlango wa bluu, mkabala na mwoka mikate. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika, na naomba hasira yangu uisome polepole.

Jumatatu asubuhi nilikuta tangazo lako limebandikwa mlangoni mwangu, tena kwa pini zangu mwenyewe, kwamba Jumamosi hii mbwa na paka wote wa mtaa waletwe kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Nililisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na miwani. Nikatafakari huku nikipiga pasi suruali nne, na kufikia ya nne nikawa nimekata shauri: Mkasi haji. Sababu zangu ni hizi.

1. Sindano yenyewe. Nimeshika sindano kwa miaka ishirini na saba. Sijisifu, lakini mtaa huu hakuna anayeijua sindano kunizidi, na hapo nakuhesabu na wewe. Sindano, Mheshimiwa, kazi yake ni kuvuta uzi. Inaingia, inatoka, na ikitoka inaacha kitu kimeshonwa. Yako inaingia haina uzi, inatoka haina uzi, na mbwa anabaki vilevile, hana pindo wala kifungo. Mteja akiniletea kaptula nikaichomachoma bila uzi, kisha nikamrudishia pamoja na kadi yenye muhuri, atanipigia kelele mpaka watu wajae. Wewe watu wanakupangia foleni.

2. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari lako la kipaza sauti limepita hapa mara tano tangu juzi. Mimi sijawahi kutembeza suruali kwa kipaza sauti.

3. Ushahidi, na hapa naomba ukae vizuri. Mkasi hajawahi kuchanjwa hata siku moja. Alikuja kwangu mdogo kama kiatu cha mtoto, na jina lake alilipata siku alipoukata kwa meno mkono wa koti la bwana harusi, akaukata sawasawa kwenye mshono. Leo ana miaka minne. Manyoya yake yanang'aa, meno yake meupe, na mwenye macho haambiwi tazama. Binti mdogo wa muuza mboga humkumbatia shingoni kila asubuhi akienda shule, naye humlamba uso mzima, na wote wawili ni wazima. Siku ya Mkasi kuumwa ni moja tu kwa mwaka. Kuna Jumamosi moja ambapo mke wangu humchukua waende pamoja kumsalimia dada yake, na wakirudi Mkasi hulala mchana kutwa, hana hamu ya kula. Hiyo ni safari tu, Daktari. Shemeji yangu anaishi mbali na anaongea sana.

4. Sasa mtazame mbwa wa mwoka mikate. Amechanjwa, na kadi yake imetiwa fremu ikatundikwa juu ya tanuri. Mbwa mwenyewe amelala mlangoni, wateja wanamruka. Mwezi uliopita hata mwizi alimruka, kwenda na kurudi, na mara ya pili alikuwa amebeba trei. Mwoka mikate anadai mbwa wake yuko hivyo tangu alipozaliwa, na kwamba kinachomlaza ni makombo. Sikumwamini, maana mtu aliyekwisha kununua fremu hawezi tena kusema kweli.

5. Na kama ni kuchanja, mbona mnabagua? Jogoo wa jirani amenidonoa mguu mara mbili, hakuna aliyemwandikia tangazo. Mbuzi wa mwalimu alitafuna tepu yangu ya kupimia kuanzia sentimita ya kwanza hadi ya thelathini, kwa hiyo wiki nzima kila mteja alionekana amenenepa. Mama mkwe wangu, ninayemheshimu sana, ameuma watu wengi kwa maneno na hajawahi kuombwa kadi. Ama tuchanjwe sote, ama aachwe Mkasi.

6. Kuna watu watakaokunong'oneza kwamba fundi anaogopa sindano za hospitali, na kwamba siku binti yake alipochanjwa ni baba mtu aliyeanguka juu ya meza ya nesi pamoja na pamba zote. Hayo hayahusiani na barua hii. Siku ile palikuwa na joto.

Kwa hiyo naomba mambo matatu tu. Kwanza, umfute Mkasi kwenye orodha yako. Pili, apigwe picha, iwekwe kwenye matangazo yako yajayo, ili wananchi waone mbwa asiyeijua sindano anavyopendeza. Tatu, lile gari la kipaza sauti lipewe kazi yenye faida, kama kuwakumbusha wateja wangu waje kuchukua nguo zao zilizokwisha kushonwa.

Nakujulisha pia kwamba sikungoja jibu lako. Tangu Jumatatu nimezishauri nyumba kumi na moja zibaki na mbwa wao Jumamosi. Mwalimu alisitasita kidogo, lakini nilimweleza huku nikimpima suruali, na mtu mwenye tepu kiunoni habishi. Muuza mboga, mwenye mbwa wawili, hakusitasita kabisa. Aliniambia, "Fundi, kama wewe umesema, basi mimi siendi." Nilifurahi sana, Daktari. Si kila siku mtu anaaminiwa kwa jambo lisilo suruali.

Nisalimie yule nesi wa hospitali mkionana, mwambie meza najua ilishatengenezwa. Nisalimie msaidizi wako, dereva wa gari la kipaza sauti, na yule kasuku wa dirishani kwenu aliyenitukana siku ile nikipita. Mke wangu anawasalimu, binti anawasalimu, na Mkasi anatikisa mkia.

Ni mimi, mwenye sindano yenye uzi,
Fundi wa Mlango wa Bluu.

Nyongeza: Nilimpa mke wangu barua hii anisahihishie nukta. Alipofika namba tatu alikaa juu ya suruali nilizopiga pasi, akacheka mpaka mwoka mikate akavuka barabara kuja kuuliza kuna nini. Kisha akavuta droo ya vifungo, ambayo mimi siigusi kwa sababu vifungo ni idara yake, akatoa kadi. Mkasi, dume, rangi ya kahawia. Mihuri mitatu, ya miaka mitatu, yote ya Jumamosi, na chini yake saini yako. Shemeji hajatembelewa hata mara moja. Mke wangu anasema hakuniambia kwa kuwa aliona afadhali arudi na mgonjwa mmoja kuliko wawili.

Halafu akaacha kucheka. Aliniuliza yule binti wa muuza mboga hukumbatia mbwa wangapi kabla hajafika shule. Akasema dalili za ugonjwa huu zikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna daktari wa kuurudisha. Daktari, niliogopa kuliko siku ya meza ya nesi, na safari hii hapakuwa na joto.

Nimepita nyumba zote kumi na moja leo, tepu shingoni, kuyafuta maneno yangu. Mwalimu alisema alikuwa anakuja hata hivyo, aliniitikia tu ili nimalize kumpima. Wengine nao karibu wote walikuwa hivyohivyo, na kwa mara ya kwanza nimefurahi kudharauliwa. Muuza mboga peke yake ndiye aliyekuwa ameniamini kweli. Nilimwomba radhi mbele ya binti yake, na sikuondoka mpaka aliponiahidi kuwaleta mbwa wote wawili.

Nilitaka kuichana barua hii, lakini mke wangu amesema niitume hivi hivi, ili foleni ikipungua ujue wa kumlaumu. Amesema pia kwamba mwaka huu hampeleki Mkasi, ni zamu yangu. Tutakuwa wa kwanza, kabla ya mwoka mikate na fremu yake. Yale maombi matatu yafute yote. Nina ombi moja tu: naomba uniwekee kiti. Mkasi hakihitaji. Yeye, nimeambiwa, husimama vizuri.