Masikio ya Ukoo Yaliyolazwa Bila Idhini ya Ukoo

Kwa Daktari wa Upasuaji wa Masikio,
Wodi ya Watoto.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: MASIKIO YA BINTI YANGU

Pokea salamu za heshima kutoka kwa kinyozi wa mtaa ulio nyuma ya hospitali yako. Mimi ni baba wa yule msichana wa miaka tisa uliyemfanyia upasuaji miezi miwili iliyopita, ukayalaza masikio yake kichwani kama mtu anayekunja kurasa za kitabu. Sikuandikii kwa shari. Nakiri ulishona vizuri. Mimi hutazama masikio ya watu asubuhi hadi jioni, na sijaona mshono uliofichwa kwa ustadi namna hiyo. Lakini kazi nzuri nayo huleta madhara, kwa hiyo naomba unisikilize, maana nyumbani kwangu hakuna tena anayenisikiliza.

1. Masikio yale hayakuwa ya mtoto peke yake. Babu yangu alikuwa nayo, baba yangu alikuwa nayo, nami ninayo mpaka leo. Upepo ukivuma kutoka nyuma, natembea haraka bila kujitaabisha. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Kwetu lilipita, na hatukuwahi kuwaomba wahenga radhi. Je, wazee wa ukoo walikaa lini wakaridhia? Nilipomuuliza mama watoto, alinijibu, "Wazee wa ukoo hawaendi shule na mwanangu." Jibu hilo limenishinda hadi leo, ila si jibu la kisheria.

2. Shuleni walimwita Kombe, kwa sababu masikio yalifanana na mikono ya kombe la mpira. Wakati wa mapumziko walimshika yote mawili, wakajifanya wanamnyanyua, wakashangilia. Mimi nilidhani wanampenda. Siku aliyorudi analia, nilimwambia kombe hugombewa na mabingwa tu. Akaenda kulilia kwa mama yake. Sasa jina limekufa. Wanamwita kwa jina la kwenye daftari, kama mtu yeyote.

3. Uliniahidi kwamba usikivu wake hautabadilika. Nimefanya majaribio. Nikisimama mlangoni nikamwita aje kuosha vyombo, hata mara tatu, hasikii. Nikinong'ona neno "biskuti" nikiwa bafuni na mlango nimeufunga, nikifungua namkuta amesimama. Hii inathibitisha kwamba sikio lililolazwa huchuja maneno. Mama watoto anadai hata zamani ilikuwa hivyo hivyo. Hana ushahidi.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Siku ya wazazi, watoto mia nne walipangwa mistari uwanjani, sare moja wote. Zamani nilimtambua wangu nikiwa bado getini: jua likimpiga kwa nyuma, masikio yaliwaka mekundu kama taa za gari linalofunga breki. Safari hii nilitafuta masikio, nikayakosa. Nikamwendea mtoto mwenye kimo chake, nikamkumbatia, nikambebea begi, nikamkaripia kwa soksi chafu, nikamwongoza hadi getini. Mwenyewe alinifuata kwa adabu tu. Mama wa mtoto huyo alipotokea, alipiga ukelele uliowaleta mwalimu mkuu, mlinzi na mpishi wa shule. Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu: "Baba, mimi niko huku." Nilimuuliza kama ana uhakika.

5. Mama mkwe alikuja kumjulia hali, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema, "Sasa huyu ni wa kwetu." Miaka tisa hakuwahi kumfananisha na mtu! Daktari, umemhamisha mtoto kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine kwa uzi na sindano.

6. Mwisho, nazungumza kwa niaba ya binadamu wote. Watoto watatu wa mtaani kwetu wamemwona binti yangu, nao wameanza kuwasumbua wazazi wao. Mkiendelea hivi, masikio ya kizazi kijacho yatalala, ya kizazi kinachofuata yatazama, kisha yatatoweka. Miwani itakaa wapi? Seremala atachomeka wapi penseli? Kinyozi atajuaje shavu limeishia wapi? Na mtu akiambiwa atege sikio, atatega nini?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uyarudishe yalivyokuwa. Hilo likishindikana, niandikie cheti chenye muhuri kwamba mtoto huyu alizaliwa na masikio ya upande wa baba, nikitundike juu ya kioo cha dukani. Na hilo nalo likishindikana, basi mwite mama mkwe, uyavute yake yatokeze nje, ili tuwe sawa.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule aliyenipepea kwa faili nilipozimia kwenye korido. Nisalimie pia mfagiaji aliyenisogeza ukutani ili apite.

Ni mimi, mwenye masikio wazi kusubiri jibu lako,

Kinyozi, Baba wa Mgonjwa.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha wakati binti yangu alipoingia dukani na kupanda kiti cha wateja. Kwa miaka mitatu alifuga nywele ili zimfunike, ingawa masikio yalichomoza tu, na mkasi wangu ulipigwa marufuku. Leo akasema, "Baba, kata fupi kabisa." Nikakata. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akacheka na kioo mpaka mteja aliyekuwa akisubiri akashusha gazeti, naye akacheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya nakung'uta taulo. Tafadhali usirudishe chochote. Namba moja hadi sita zichane. Ila mdogo wake ametimiza miaka sita, na yake ni makubwa zaidi, na leo ameniuliza zamu yake ni lini. Jumatano una nafasi? Nitamleta mwenyewe.