Chasi Imekazwa?

Kiilu alishuka treni Voi kwa sababu mkagua tiketi alikuwa amelikaribia behewa lake. Hakuwa na ugomvi na mkagua tiketi. Hakuwa na tiketi tu. Mkono mmoja ulibeba gramafoni, mwingine cherehani ya mkono, vitu ambavyo wenyewe huko Makindu na Mtito Andei walikuwa bado wanangoja virudi kutoka kwa fundi. Fundi ndiye huyo sasa aliyekuwa akivuka reli, suti ya kijivu, kofia imelala upande, akitafuta kwa macho mahali pa kunywa chai na mtu wa kumlipia.

Nyuma ya hoteli ya Mama Kalondu aliona gari. Lilikuwa gari la zamani, la kabla ya vita, refu na jeusi, paa lake turubai. Kuku alikuwa ameatamia mayai kwenye kiti cha nyuma. Kiilu alifungua mlango wa mbele, akaufunga. Mlango ukafunguka wenyewe. Akausukuma kwa goti. Ukafunguka tena, taratibu, kama mtu anayekaribisha wageni.

Kuna wanaume ambao moyo huwaenda mbio wakiona mwanamke mrembo. Wa Kiilu ulienda mbio alipoona kitu kibovu chenye mwenyewe.

"Unatafuta nini hapo?"

Mama Kalondu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, leso kiunoni na mwiko mkononi. Kiilu alivua kofia, akaishika kifuani kama aliyefika matangani.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini?"

"Ya gari. Imevunjika mgongo."

"Yesu wangu! Kwani si kitasa?"

"Wengi hudhani ni kitasa. Wengi wako makaburini." Alichuchumaa, akamwonyesha chini ya gari. "Angalia. Gari hii haina paa la chuma la kuishikilia kwa juu. Mzigo wote unabebwa na hivi vyuma viwili virefu, ndiyo inaitwa chasi. Ikipita kwa mashimo, chasi inajinyonga, bodi inalegea, milango inafunguka. Siku moja utaenda Mwatate, mbele ifike, nyuma ibaki Voi."

"Na dawa yake?"

"Vyuma vya kukaza. Vinapita chini, kutoka pembe mpaka pembe, vinakutana katikati kama mikono iliyokunjwa. Nilifundishwa na Mwitaliano mfungwa, kwenye karakana ya jeshi wakati wa vita."

Hilo la Mwitaliano lilikuwa kweli, na lilimtoka Kiilu kwa bahati mbaya tu. Mengine aliyokusudia hayakuwa kweli hata kidogo. Alikuwa amekwisha kuona vyuma vya kitanda kibovu kando ya jalala. Angevipaka masizi na oili, avifunge kwa waya, apokee malipo, na treni ya kwenda Mombasa ingemaliza mambo mengine.

Mama Kalondu alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Alikuwa amepika chai karibu na stesheni hiyo miaka mingi, na watu wanaoshuka treni alikuwa akiwasoma kama wengine wanavyosoma ishara za mvua.

"Basi kaa, fundi," alisema. "Kulala kuna chumba cha nyuma. Chakula kipo."

Chakula kilikuwepo kweli. Kiilu alikula siku hiyo na siku iliyofuata, huku akilala chini ya gari na kugonga hapa na pale ili sauti ifike jikoni. Alipokuwa akishughulikia sahani ya pili ya maharagwe na chapati, Mama Kalondu aliketi mbele yake.

"Fundi, hii chasi ina nini kwani? Kuna mzee mmoja kule Mbololo, Zephaniah, mwenye mashamba ya nyanya. Kila akishuka sokoni lazima atume mtu aniulize: chasi imekazwa? Namjibu bado. Anasikitika, maskini. Anaipenda hii gari sana."

Kijiko cha Kiilu kilisimama hewani.

"Huyo mzee ana uwezo?"

"Mzee Zephaniah? Nyanya zake zinaliwa Mombasa mpaka melini. Lakini ni mgumu. Gari lazima alale chini yake na nyundo, agonge kila chuma huku akisikiliza. Huwezi kumdanganya." Akapangusa meza. "Mimi hata sijui anataka kusikia nini."

Kiilu alijua. Usiku huo vyuma vya kitanda vilifutika kabisa katika hesabu zake. Huyu mama alikuwa amekalia dhahabu na kuiatamisha kuku! Kilichobaki ni kumwondolea mzigo huo kabla hajaerevuka.

Asubuhi alitoka chini ya gari na uso wa msiba.

"Mama, keti kidogo."

"Kuna nini?"

"Kutu imekula chasi mpaka ndani. Gharama ya kuikaza itakumaliza. Mimi nakuonea huruma, mama wa watu. Niuzie hivyo ilivyo. Nitaivunja niuze chuma chakavu."

"Niuze gari hii?" Mama Kalondu alijifunika uso na leso. "Fundi, gari hii siwezi kuiuza. Moyo wangu hauniruhusu."

"Moyo utapoa."

"Sina haki kabisa ya kuiuza!"

"Usiseme hivyo, mama."

Mabega ya mama yalianza kutikisika ndani ya leso. Alitikisika muda mrefu, na Kiilu akampigapiga mgongoni kwa upole, akijiona mwovu kidogo na mwerevu sana. Mwishowe sauti nyembamba ilitoka chini ya leso. Kama ni lazima, basi angefarijika kwa gramafoni. Na cherehani. Na zile noti zilizoshonewa ndani ya koti, ambazo zilikuwa zikilia kila mara fundi alipoinama.

Kiilu alishtuka, lakini mtu akiwa ameona mkia wa ng'ombe hawezi kuanza kulilia kamba. Alifumua koti mwenyewe.

Sasa ilibidi afanye kazi, na mama hakuuliza kwa nini chuma chakavu kinakazwa. Mzee mwenye nyundo hangekubali waya na masizi, kwa hivyo Kiilu alitafuta chuma cha pembe chenye nguvu kutoka kwa mwuza vyuma, akakilipia kwa saa yake ya mkononi. Aliinua gari kwa jeki, akalisawazisha juu ya magogo mpaka chasi ikanyooka, kisha akaanza kutoboa matundu kwa mkono. Chuma kilikuwa kigumu. Viganja vyake, ambavyo kwa miaka havikushika kitu kizito kuliko karata, vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Maneno ya Mwitaliano yalimrudia moja moja: usikaze bolti upande mmoja kwanza, kaza huku kidogo na kule kidogo, uende kwa kupishana.

Siku moja alijikuta akipiga mluzi. Alinyamaza mara moja, akatazama huku na huku kama aliyefumaniwa.

Alipokaza nati ya mwisho aliliteremsha gari, akamhamisha kuku, akafunga mlango. *Kap.* Ukakaa. Akaufungua, akaufunga tena. *Kap.* Aliurudia mchezo huo mpaka Mama Kalondu akatoka kuangalia.

"Imekazwa?"

"Imekazwa, mama."

"Sasa nikiulizwa nitajibu vizuri," alisema mama, na kesho yake alfajiri akamfungia chapati za njiani.

Barabara ya Mbololo ilikuwa mawe na makorongo, lakini gari lilipanda bila mlango hata mmoja kulegea. Kiilu alipiga honi tangu bondeni. Mzee Zephaniah alitoka nyumbani mbio, akifuatwa na mkewe, Mbeyu. Hakusalimu. Alivua koti, akamwagiza mkewe nyundo, akaingia chini ya gari. Kiilu alisikiliza *ting, ting, ting*, akaanza kupanga bei kichwani. Kila *ting* bei ilipanda.

Mzee alitoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, macho yamelowa.

"Kijana, hii ni kazi ya mtu anayeijua kazi."

"Asante, mzee. Sasa tuketi tuzungumze bei."

"Bei ya nini?"

"Ya gari."

Mzee alimtazama Mbeyu. Mbeyu alimtazama Kiilu.

"Gari langu?" aliuliza mzee. "Nililiacha kwa Kalondu kwa sababu lilikuwa linanimwaga mlimani. Nikamwachia na malipo ya fundi, amtafute aliye mzuri. Jana amenitumia salamu, chasi imekazwa, fundi analileta mwenyewe. Kwani hajakulipa?"

Kiilu alivua kofia, akaivaa tena.

"Au kuna mtu amejaribu kukuuzia?" Mzee alikunja uso. "Sema tu. Chifu ni shemeji yangu, yuko hapo ng'ambo. Ataandika kila kitu: jina lako, ulikotoka, mali uliyotoa na uliipata wapi."

"Hapana, mzee," alisema Kiilu upesi. "Natania. Sisi mafundi tuna utani."

Mbeyu alimpa kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, pamoja na maziwa ya mgando, akala kwa adabu, kisha akateremka Voi kwa miguu. Hoteli ilikuwa na kufuli. Mchukuzi wa stesheni alimweleza kwamba Mama Kalondu alipanda treni ya Mombasa, gramafoni kichwani na cherehani mkononi, na kwamba tangu aketi dirishani alikuwa akicheka peke yake mpaka watu wakamhurumia.

Kiilu aliketi kwenye ngazi ya hoteli, spana mfukoni, na kicheko kikamtoka bila ruhusa yake. Kumbe! Mama Kalondu hakumwambia hata uongo mmoja!

Lori la mkonge lilisimama mbele yake. Dereva alitoa kichwa.

"Wewe ndiye fundi wa Mzee Zephaniah? Nimekutana naye njiani, anaendesha kama bwana harusi. Lori langu linajinyonga vilevile. Utalikaza?"

Kiilu aliangalia viganja vyake, akaangalia lori.

"Nitalikaza," alisema. "Lakini malipo kwanza. Mji huu umejaa matapeli."