Magadi ya Bukundi Si Chumvi

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimezaliwa na bahati. Magonjwa yakifika kijijini kwetu Kasoli huuliza kwanza ninakaa wapi, halafu yanakwenda kulala kwa jirani. Nimekaa Mwanza, nimekaa Dar miezi minne, nimekula vya mahotelini, hata jino halijaniuma. Leo nesi Violeth wa zahanati kanifunga kile kitambaa mkononi, kakijaza upepo, kakunja uso. Presha. Mia na themanini. Kasema chumvi nipunguze sana, vya kukaanga niache, nile dona au mtama, mboga za majani, maharage, samaki. Nikasema sawa mwanangu. Akaongeza kwamba Jumamosi nirudi, na isiposhuka nisikanyage uwanja wa ngoma. Hapo kaniudhi. Jumapili tunashindana na watu wa Nkoma na mimi ndiye naongoza nyimbo. Nikizuiwa ataongoza jirani yangu Mayige, mwenye sauti ya ndama aliyenyimwa maziwa.

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu Milembe kasikia presha, kasahau mengine yote. Kaka yake alianguka shambani akichuma pamba, upande mmoja ukafa. Milembe humlisha kwa kijiko mpaka leo. Basi chumvi imefichwa. Chapati hakuna. Tangu biashara iachiwe huru duka la Marcelo limejaa mafuta ya Dubai, soda, biskuti, na mimi, karani wa mizani ya pamba, mtu wa kampuni, natafuna michembe, viazi vikavu, kama mwaka wa njaa.

Jioni shikome, pale motoni tunapokula wanaume, kila nyumba ikaleta chungu chake. Mayige akachungulia changu. Mlenda mtupu. "Mwenzangu, mvua ilikukataa wewe peke yako?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa uchungu.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni nywele. Nesi kasema chumvi. Hakusema magadi. Binamu yangu Mihayo kapita na ng'ombe wa mnada kutoka Bukundi, ana mfuko wa magadi wanayokwangua ardhini kule. Sasa tazama. Chumvi inatoka dukani, iko kwenye pakiti, ina maandishi. Magadi ni udongo. Bibi zetu walilainishia mlenda. Ng'ombe wanaramba, na sijasikia ng'ombe mwenye presha. Nikamuuliza Mihayo kama ni chumvi. Akasema yeye anauza magadi, mambo ya chumvi nimuulize Marcelo. Ushahidi tosha. Nimejaza kopo, liko mfukoni mwa koti.

Alhamisi, 6 Juni
Mlenda umefufuka. Mchana nyumbani, Milembe akigeuka tu, namwaga. Kaona nimefuta sahani, machozi yakamlenga, akamshukuru Mungu kwamba mimi, baba Kwandu wake, nimekuwa msikivu. Nikajisikia vibaya kidogo. Nikaongeza magadi.

Jumamosi, 8 Juni
Zahanati. Milembe kaja na kitenge cha kanisani. Nesi kapima. Kapima tena. Kahamia mkono wa pili. Mia na tisini na tano. Nikamwambia mashine yake imechoka, ni ya enzi za foleni za sukari. Akauliza nakula nini. Milembe akataja siku kwa siku, kwa fahari, chumvi hata punje. Nesi akaikagua tena mashine. Nikaona nimsaidie kisomi. Nikatoa kopo, nikamweleza kwamba hata udongo safi wa Bukundi natia, kwa hiyo kosa si langu. Akachovya kidole, akaonja. "Baba, hii na chumvi ni mtu na ndugu yake." Akaandika vidonge, na ngoma akakataza.

Milembe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye benchi, akasema taratibu kwamba kulisha mtu mmoja kwa kijiko anaweza, wawili hawezi.

Jumapili, 9 Juni
Mayige kaongoza. Tumeshinda. Watu wa Nkoma wenyewe wamemsifu, wajinga wale. Mimi nilikaa kivulini na wajawazito, Milembe ananipa boga la kuchemsha.

Nimefikiri sana. Kosa ni magadi yenyewe, ya Bukundi ni makali. Mihayo anasema kuna mengine, meupe, ya upole. Nimeagiza kopo dogo. Milembe asijue.

Na ile habari ya bahati niliyoandika Jumatatu ni uongo. Presha niliambiwa tangu mwaka juzi. Karatasi ya zahanati niliisokotea tumbaku.