Munganga wa Bomba la Baraka

Alphonse alifika Baraka na kiu ya kweli, miaka ile Wabelgiji walipokuwa wamekwisha kutandaza mabomba ya maji mjini. Bomba la kwanza alilofungua, uani kwa mzee Assani muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, lilimtapikia maji ya rangi ya chai. Mtu mwingine angetukana. Alphonse alifurahi hata akasahau kiu, kwa maana ukutani palikuwa na baiskeli mpya, taa mbele, kengele inang'aa, naye alikuwa ametoka Uvira kwa miguu.

"Muzee," akasema, akivaa vizuri kofia yake ya kizungu, "hii bomba iko mugonjwa."

"Majirani banasema iko na shetani," Assani akalalamika. "Hakuna muntu anakuja kuteka. Bote banaenda ziwani."

"Shetani wapi! Ni minyoo. Miye niko munganga ya bomba. Nitaiponesha, na malipo yangu iko ile kinga." Akaionyesha baiskeli kwa kidole.

Ukweli ni kwamba Alphonse aliwahi kubeba mabomba ya serikali kule Uvira, mpaka uvivu ukamfukuzisha kazi. Alijua kwamba bomba liliishia hapo kwa Assani, na maji yasiyotekwa hulala ndani, yakaingiwa na kutu, yakaharibika. Ukiyaachia yamwagike kitambo, huja safi. Kesho yake yatachafuka tena, lakini kesho mjanja yuko mbali, Lulimba.

Basi akatega sikio kwenye bomba, akatikisa kichwa kwa huzuni, akanyunyiza majivu, akasoma Kilatini alichookota misheni na kukisahau nusu. Akafungua. Maji yakatoka chai, yakawa asali, yakawa meupe pe! Akanywa kikombe kizima mbele ya watu. Bamama wakapiga vigelegele, naye akashika usukani wa baiskeli.

"We, polepole," akasema mama Kulthumu, mke wa Assani, akikamata kiti cha nyuma. "Kwetu munganga analipwa wakati mugonjwa amekwisha kupona. Utalala hapa, utakula hapa. Tutaona."

Alphonse akaachia usukani. Alijiita mganga mwenyewe. Angeikataaje desturi ya waganga?

Asubuhi maji yakawa chai. Akayaachia, akasoma Kilatini, akanywa. Siku iliyofuata vilevile. Bamama walipozoea kumwona anakunywa na hafi, wakaanza kuja na ndoo, mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi, na maji hayakupata tena nafasi ya kulala. Alphonse hakuliona hilo. Maskini, macho yake yalikuwa kwenye baiskeli tu, na moyo ulimwambia kila siku kwamba leo watamshtukia.

Subira huvuta heri, wanasema. Alphonse hakuwa nayo hata ya kukopa. Alfajiri moja akanyakua baiskeli, akashika barabara ya Fizi bila kugusa bomba.

Kulthumu akaamka, akafungua mwenyewe. Maji meupe! Bila majivu, bila Kilatini!

"Mugonjwa amepona!" akapiga kelele. "Munganga iko wapi?"

"Ameenda na kinga," jirani akajibu.

"Si yake? Ameipata halali! Lakini ameacha pompi yake, na mbuzi ya aksanti hatujamupa! Mukimbie!"

Mtaa mzima ukatoka mbio, Assani mbele, pampu ya baiskeli juu mkononi. Nyuma yake mbuzi alikuwa akiburutwa, akilia kama anachinjwa.

Alphonse alikuwa mlimani, anasukuma, jasho linamtiririka. Akageuka, akaona umati na kile chuma hewani.

"Simama! Munganga, simama!"

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsimamisha kwa jambo jema. "Nimekufa!" akasema, akaitupa baiskeli, akajitosa porini kati ya miiba, na suruali ikapasuka mahali pasipotajika.

Walipofika, Assani akaiinua baiskeli, akaipangusa vumbi kwa shati lake. Machozi yalimlengalenga.

"Munaona muntu ya Mungu?" akasema. "Ameponesha bomba yetu, na malipo amekataa!"

Mbuzi wakamla wenyewe jioni ile, wakimwombea Alphonse dua ndefu.