Pijo la Marehemu Baba na Fundi Anayehesabu Ampea

Ndugu Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Magari,
Kibiti.

YAH: FUNDI MUDY KULIVUNJIA HESHIMA GARI LA MAREHEMU BABA YANGU

Assalaam aleikum. Mimi ni Tajdin, mwenye duka la vyombo vya umeme karibu na stendi. Jumamosi ijayo namwoza binti yangu Hiba, na tangu udogoni ameomba jambo moja tu: apelekwe kwa mumewe, ng'ambo ya daraja la Ndundu, kwa Pijo 504 la babu yake. Gari hili lilivuka Rufiji kwa pantoni kabla daraja halijajengwa. Juzi tulilifanyia majaribio, likazimika katikati ya daraja, madereva wa malori wakatushauri tununue punda. Nimeumia sana, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mudy mwenyewe ndiye aliyefunga kila kitu. Nilimpelekea feni, ili bibi harusi asitokwe jasho likaharibu wanja, akasema hamna noma mzee. Nikampelekea friji la soda, hamna noma. Spika mbili za kasida na taa nne za kummulikia mpiga video, hamna noma. Leo ananiambia kuwa alteneta, yaani kile kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka, inatoa ampea thelathini na tano, na vitu vyangu vinataka sabini. Hesabu hii aliificha wapi siku zote hizo?

2. Anadai injini ikienda polepole alteneta hutoa umeme kidogo zaidi, kwa hiyo betri inanyonywa mpaka inakata roho. Ndugu Mwenyekiti, umewahi kuona msafara wa harusi unaokimbia? Kila mtaa lazima utuone. Mudy anataka nimkimbize mwanangu kama mgonjwa wa rufaa.

3. Fyuzi alizoweka ni dhaifu. Kila nikiwasha friji na spika kwa pamoja, zinaungua. Kwa nia njema ya kumsaidia, nilitoa fyuzi nikaweka msumari wa inchi mbili, na msumari haujaungua hata mara moja. Badala ya shukrani, Mudy alishika kichwa mbele ya wateja, eti kazi ya fyuzi ni kuungua. Je, na mimi niuze birika ambazo kazi yake ni kuvuja?

4. Anasema nyaya za zamani ni nyembamba, nibadilishe zote ziwe nene, na alteneta iwe kubwa. Ni kweli waya mmoja uliyeyuka chini ya kiti, moshi ukafuka, na dada yangu Nurjehan, ambaye magoti yanamsumbua hata kuvuka kizingiti, aliruka nje kupitia dirishani. Lakini hilo mimi nalihesabu kuwa tiba. Marehemu baba hakubadilisha waya hata mmoja. Mudy akajibu kuwa marehemu alikuwa na taa mbili na redio, tena redio mbovu. Redio ile tuliipenda.

5. Kwa hiyo naomba Umoja umwagize Mudy asimame mbele ya boneti na kuliomba gari radhi. Alteneta nayo ipewe onyo kwa maandishi iongeze bidii, maana wazee wa rika lake bado wanalima. Halafu, kabla ya Jumamosi, afunge na mashine ya bisi. Wakwe wameshaahidiwa.

Nakutakia afya njema. Wasalimie mama watoto, mafundi wote wa gereji, na Mudy pia, ila kwa mbali.

Ni mimi niliyedhalilika,
Tajdin

N.B. Hiba ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amechukua bisibisi dukani, akamwita Mudy. Wameng'oa friji, spika na taa, wakabadilisha waya ulioyeyuka, na msumari wangu wamenirudishia mkononi. Tumekwenda Ndundu na kurudi, polepole mpaka baiskeli zikatupita, na gari halikukohoa. Njiani ameniambia, baba, mimi niliomba gari la babu, sikuomba duka. Basi malalamiko yote nayafuta. Feni tu naomba ibaki, maana nilimtazama kwenye kioo amekaa peke yake kiti cha nyuma, nikajua atakayetokwa jasho Jumamosi ni mimi.